Ukumbusho wa Mahali Pake: Mchoro Hubadilika Mara Ngapi?



Ndugu wasomaji, kikundi kikishamaliza mradi wa maji au wa ng'ombe wa maziwa, na kikabaki na pesa kidogo kwenye akaunti, mara nyingi huja wazo la kuweka ukumbusho. Wengine wanataka kumkumbuka mwanzilishi wa kikundi. Wengine wazee waliokufa wakati wa Hali ya Hatari. Wengine Mwenye Heri Irene Stefani, Nyaatha wetu wa Gikondi. Wazo ni zuri. Shida huanza pale mwenyekiti anapokwenda mjini peke yake. Fundi anamwonyesha picha ya kitu alichojengea watu wengine, wanapatana bei, na baada ya wiki tatu kuna kijukwaa cha saruji chenye vigae vya bafu, na jina la mgeni wa heshima limeandikwa kubwa kuliko jina la yule anayekumbukwa. Mvua ya Aprili ikipiga misimu miwili, vigae vinabanduka. (Kwa nini vigae vya bafu vinapendwa hivi? Labda kwa sababu vinang'aa vizuri siku ya sherehe.)

Hapa tunataka kueleza njia nyingine. Ni kutengeneza kazi ya sanaa kwa ajili ya mahali pamoja tu, ambayo ukiihamisha kwenda kwingine inapoteza maana. Kazi ya namna hiyo haipatikani kwa mchoro wa kwanza. Inachorwa, inapelekwa mahali penyewe, inakataliwa na mahali au na watu, inachorwa tena.

Mfano wa karibu uko Murang'a, katika kanisa kuu la ndugu zetu Waanglikana, la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Kanisa hilo lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, na jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher. Mwaka 1959 Elimo Njau, msanii aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, na kusoma Makerere, alichora humo ukutani picha kubwa tano: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika, na nchi inayoonekana nyuma yake ni ya Wagikuyu. Angeweza kunakili picha za Ulaya kama zile tulizokua nazo sote kwenye kalenda za misheni. Hakufanya hivyo, na baadaye alipoanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa huko Nairobi mwaka 1965 alijulikana kwa kuwakataza wanafunzi kunakili. Mtu wa Murang'a akiingia kanisani humo anaona mateso ya Bwana yakitokea kwenye vilima vyake mwenyewe, miaka michache tu baada ya damu kumwagika kwenye vilima hivyo hivyo. Peleka picha hizo Mombasa, zitabaki picha nzuri, lakini hazitasema neno lile lile.

Mfano mwingine uko Unguja, Mji Mkongwe, kando ya kanisa kuu la Kristo lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Mwaka 1998 msanii wa Kiswidi, Clara Sörnäs, aliweka hapo sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni. Hakuziweka juu ya jukwaa. Wamesimama ndani ya shimo, chini ya usawa wa ardhi, na wewe mgeni unawatazama kutoka juu kama mnunuzi alivyotazama. Hebu fikiria sanamu zile zile zikiwekwa juu ya nguzo ndefu: zingegeuka mashujaa wa vita. Ni shimo linalozungumza. Uamuzi wa kwenda chini badala ya kwenda juu ulihitaji kichwa zaidi kuliko saruji.

Sasa tuje kwetu. Tuseme kikundi cha akina mama na wazee wachache wa Gakindu kinataka kuweka ukumbusho wa Sista Irene. Mambo ya maisha yake mnayajua. Alizaliwa Italia mwaka 1891, akaja Kenya mwaka 1915, na wakati wa vita vile vya kwanza aliwahudumia wapagazi wagonjwa huko Voi, na baadaye Kilwa na Lindi. Wapagazi ndio wale wa Kariakoo, waliobebeshwa mizigo ya jeshi mpaka makumi ya maelfu wakafa kwa ugonjwa na uchovu. Baada ya vita alikuja Gikondi, akatembea kwa miguu kupanda na kushuka vilima hivi kutembelea wagonjwa, na huko alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39, baada ya kuambukizwa na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri hapa Nyeri.

Mchoro wa kwanza wa kikundi bila shaka utakuwa sanamu. Sista amevaa nguo nyeupe, amesimama juu ya jukwaa kando ya barabara, amezungushiwa wavu wa chuma wenye kufuli. Hatuna ugomvi na sanamu. Lakini kabla ya kumpa fundi malipo ya kwanza, tunaomba kikundi kifanye jambo moja ambalo halina gharama. Chukueni miti minne, kamba na magunia. Nendeni mahali penyewe, msimike miti kwa urefu na upana ule ule wa kitu kilicho kwenye mchoro, mfunike kwa magunia, halafu mrudi nyumbani. Kiacheni hapo kwa wiki mbili. Kila mwanachama apite asubuhi, saa sita na jioni, na aandike au amwambie katibu alichoona.

Kitu cha magunia kitawafundisha mengi kuliko karatasi. Mtaona kama kinamziba dereva wa matatu kwenye kona. Mtaona kama ng'ombe wanakuja kujikuna hapo. Mvua ikinyesha mtaona maji ya barabarani yanapita wapi, na kwenye udongo wetu mwekundu wenye mteremko hilo ndilo swali la kwanza, maana maji yakichimba chini ya jukwaa, jukwaa litalala kifudifudi. Na mtaona watu wanafanya nini wakifika hapo. Wanasimama? Wanapita haraka? Wanageuza uso?

Kwa mfano wetu, tuseme wanapita tu. Barabarani hakuna anayesimama isipokuwa anayengoja gari. Lakini mita chache kutoka hapo kuna njia ya miguu inayopanda kutoka mtoni, na juu ya mwinuko akina mama wenye mizigo ya kuni, majani ya ng'ombe na mitungi ya maji wanasimama kupumua. Cucu mmoja anawauliza: “Huyu Nyaatha mnayemjenga kule kwa magari, yeye alikuwa na gari?”

Hapo mchoro wa kwanza unakufa, na afadhali ufe ukiwa magunia.

Mchoro wa pili unahama kutoka barabarani kwenda juu ya njia ya miguu. Bado ni sanamu, lakini ndogo, ndani ya pango la mawe kama lile la Lurdi. Mnasimika magunia tena. Safari hii watu wanasimama, lakini pango linachukua pale pale walipokuwa wakitua mizigo. Yaani ukumbusho wa mtu aliyewahudumia wapagazi umewanyang'anya wapagazi wa leo mahali pa kupumzikia! Kwa hiyo mnachora mara ya tatu, na sasa swali limegeuka. Hamuulizi tena sanamu ifanane na nani. Mnauliza mahali hapa panataka nini.

Jibu linaweza kuwa ukingo wa mawe wa kutulia mzigo. Mama anafika, anageuka, anaegemeza mzigo juu ya ukingo bila kuinama, analegeza kamba, anapumua, halafu anaunyanyua tena bila kumwita mtu amsaidie. Mawe ni yale ya machimbo ya karibu. Chini ya ukingo kuna mfereji wa kupitisha maji ya mvua. Kwenye saruji ya njia inayopanda kuna alama za nyayo zilizokanyagwa na wanachama wenyewe, na jiwe moja lina jina la Sista na mwaka 1930. Basi. Sanamu hakuna, lakini kila anayetua mzigo hapo atakumbuka nani alitembea njia hizi, na kwa kazi gani.

Hapa kazi ya vipimo inaanza, na si mchezo. Wazee wengi wa kike hubeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Ukingo wao lazima ufike usawa wa chini ya mzigo, karibu na kiuno. Wasichana hubeba kichwani, na wao wanahitaji ukingo wa karibu na bega. Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20, na mtoto wa shule anayebeba wa lita 10 yuko chini ya wote. Urefu mmoja haufai. Fundi atasema, “Tuweke tu mita moja.” Mkataeni kwa heshima. Akina mama kama ishirini wasimame na mizigo yao halisi kando ya mti mmoja mrefu, kila mmoja awekewe alama ya makaa. Mtaona alama zimejikusanya mahali pawili au patatu. Hapo ndipo ngazi za ukingo zitakapokuwa. Mchoro wa nne unatoka kwenye mti huo.

Mchore kwenye karatasi ya mraba kwa kipimo kinachoeleweka. Sentimita 5 kwenye karatasi ziwe mita 1 ardhini, na kila mwanachama ataweza kupima kwa rula ya mtoto wake. Kila mchoro uwe na nambari na tarehe. Ule wa zamani usitupwe, na kwenye miniti iandikwe kwa nini uliachwa. Tunalisisitiza hili kwa sababu ya pesa. Mtu aliyetoa mchango wake kwa ajili ya sanamu ana haki ya kujua kwa nini leo anaonyeshwa ukuta. Asipoelezwa atasema sanamu imeliwa na kamati, na hata kama ni uongo, kikundi kitakuwa kimeharibika. Mweka hazina asitoe shilingi moja kwa mchoro mpya mpaka wanachama wote wameuona na kuukubali mkutanoni, na anayetaka kurudishiwa mchango wake asikilizwe.

Msidhani kubadilisha mchoro ni dalili ya kutojua. Huko New York, Marekani, wasanii wawili, Christo na mkewe Jeanne-Claude, walipendekeza tangu mwaka 1979 kuweka maelfu ya malango yenye vitambaa vya rangi ya machungwa katika njia za bustani kubwa ya mji ule. Mwaka 1981 walikataliwa. Mpango wao ulihitaji kuchimba mashimo, na wenye bustani walihofia udongo na miti. Waliporudi walikuwa wamepunguza idadi, wameacha mashimo kabisa, na kila nguzo imesimama kwa uzito wa chuma juu ya njia yenyewe. Walichagua pia kuyaweka wakati wa baridi, miti ikiwa haina majani. Februari 2005 malango 7,503 yalisimama kwa siku 16 kwenye kilomita 37 za njia, halafu yakaondolewa yote. Miaka 26! Sisi hatuombi kikundi kingoje hivyo. Tunasema tu kwamba aliyekataza mashimo alichangia kazi ile kuwa bora. Kwetu, mwenye shamba anayesema msikate mizizi ya mti wake wa mukurwe, au afisa wa barabara anayesema mko ndani ya hifadhi ya barabara, msimchukulie kama adui. Muulizeni mapema, na jibu lake liwe la maandishi.

Kwa ukumbusho wa Mwenye Heri kuna ruhusa nyingine pia. Heshima ya hadharani kwa Mwenye Heri inaruhusiwa katika jimbo lake na katika shirika lake, tofauti na Mtakatifu ambaye ni wa Kanisa zima. Nyeri ni kwake, kwa hiyo hilo si tatizo. Lakini mahali pakitaka kuitwa pa hija, hilo ni la Askofu. Padre wa parokia aone mchoro kuanzia ule wa kwanza, asiitwe tu siku ya kubariki.

Sasa tuguse jambo gumu zaidi, la majina. Kwa Sista Irene ni jina moja tu. Kwa kikundi kinachotaka kukumbuka Hali ya Hatari ni moto. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja wa huku kwetu walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki. Wengine walikuwa msituni, wengine walikuwa walinzi wa serikali, na wengi walikuwa katikati wakiogopa pande zote mbili. Leo wajukuu wao wanakaa benchi moja kanisani na wanaweka akiba katika kikundi kimoja. Siku ubao wa majina utakapochorwa, kila mmoja atatafuta jina la babu yake, na mwingine atauliza kwa nini jina la yule mwingine liko pale. Tunajua vikundi huogopa mazungumzo haya na kuyaachia fundi, eti aandike “Mashujaa Wetu” na yaishe. Hayaishi.

Wamarekani walipitia jambo hili na ukumbusho wa vita vya Vietnam. Mwaka 1981 mwanafunzi wa miaka 21, Maya Lin, alishinda shindano lenye michoro zaidi ya 1,400. Wake ulikuwa ukuta mweusi ulioingia ardhini, wenye majina ya waliokufa kufuata tarehe walizokufa. Hakuna cheo, hakuna bendera. Watu wengi walikasirika, wengine wakauita kovu. Mwishoni ukuta ulijengwa kama alivyochora, ukafunguliwa mwaka 1982, na mwaka 1984 sanamu ya askari watatu ikaongezwa, lakini kwa mbali kidogo, isiuguse ukuta. Waliotaka sanamu waliipata, na ukuta haukuharibika. Kwa maoni yetu hiyo ni busara ya kuigwa. Pande mbili zikishindwa kukubaliana juu ya kitu kimoja, pengine mahali panatosha vitu viwili. Na pengine majina hayahitajiki kabisa. Wale watano wa Unguja hawana majina, na hakuna anayeuliza.

Majina ya waliochanga yaandikwe kwenye kitabu cha kikundi. Kwenye jiwe, hapana. Tumeona mengi.

Kuhusu vifaa, tumieni mlicho nacho. Mwaka 2022 vijana wa Wajukuu, kikundi cha sanaa kilichoanza Mukuru, Nairobi, mwaka 2004, walialikwa kwenye maonyesho makubwa ya documenta huko Kassel, Ujerumani. Walijenga mlango wa kuingilia wa mabati makuukuu kama ya kwao mtaani, wakapata tuzo ya Arnold Bode ya mwaka huo. Mabati! Lakini chuma na shaba kando ya njia yetu msiweke. Wezi wa vyuma chakavu mnawajua. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa kwa sababu hata nguzo za stima zilikuwa haziponi. Herufi zichongwe ndani ya jiwe lenyewe, kwa kina cha kutosha kidole kuzisoma, ili hata cucu asiyeona vizuri asome kwa mkono.

Ukuta wa ukingo unaoshikilia udongo lazima uachiwe matundu ya kutolea maji karibu na chini, la sivyo maji yatakusanyika nyuma yake na kuusukuma. Zege iwe saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4, na maji kiasi, isiwe uji. Nyayo zikanyagwe zege ikiwa imeanza kushika lakini haijakauka. Jaribuni kwanza kwenye kisanduku nyumbani, na miguu ioshwe mara moja kwa sababu saruji inachoma ngozi. Baadaye funikeni kwa magunia yale yale ya mwanzo, au majani ya migomba, mkimwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7. Mizigo mizito ingoje siku 28. Msijenge katikati ya mvua ndefu. Januari au Agosti ni afadhali.

Gawaneni zamu ya kufagia mfereji kabla hamjagawana zamu ya kupika siku ya kubariki. Na wiki mbili baada ya mvua kubwa ya kwanza, rudini hapo na jembe na ule mti wenye alama za makaa. Angalieni kama maji yanafuata mfereji au yamejichimbia njia yao. Halafu mwiteni yule mama mfupi kuliko wote katika kikundi, na mzigo wake mgongoni, ageuke ategemee ukingo. Akilazimika kusimama kwa vidole, ongezeni jiwe moja chini ya miguu yake, na mliandike kwenye miniti kama mchoro wa tano.